Mama wa Shunemu Mbele ya Mfalme

Ninyi mlio nyumbani, mlio njiani, nanyi mliolala katika wodi za hospitali, karibuni tukae pamoja kwa dakika hizi chache tulisikilize neno la Mungu.

Somo letu latoka katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 8, mstari wa 1 mpaka wa 6. Aliye na Biblia karibu na aifungue. Asiye nayo, sisi tutamsimulia.

Palikuwa na mama mmoja katika mji wa Shunemu. Ndiye yule aliyemtengenezea nabii Elisha chumba kidogo juu ya nyumba, akamwekea kitanda, meza, kiti na taa. Ndiye ambaye mwanawe alikufa, na Mungu akamrudishia uhai kwa maombi ya Elisha. Baadaye nabii alimwonya kwamba njaa inakuja, tena itadumu miaka saba. Basi mama akaondoka na watu wa nyumbani mwake, akakaa ugenini katika nchi ya Wafilisti. Miaka saba ilipokwisha akarudi, lakini nyumba na shamba havikuwa tena mikononi mwake. Ikambidi aende kwa mfalme kuomba arudishiwe mali yake.

Siku ile alipofika, mfalme alikuwa akizungumza na Gehazi, mtumishi wa Elisha. Gehazi alikuwa katikati ya kusimulia jinsi yule mtoto alivyofufuliwa. Mara mama akatokea, na mtoto pamoja naye. Gehazi akamjulisha mfalme kuwa mwenye habari ndiye huyo aliyesimama hapo. Mfalme akamwuliza mama mwenyewe, naye akajieleza. Ndipo mfalme akamtolea afisa mmoja wa kushughulikia jambo lake, akaamuru arudishiwe kila kilichokuwa chake, pamoja na mazao yote ya shamba tangu siku alipoondoka mpaka siku ile.

Pengine msikilizaji mmoja auliza, habari hii ya zamani yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Katika shirika zetu kuna mzee aliyefanya kazi miaka thelathini, na sasa ana bahasha ya kaki chini ya godoro, imejaa barua ambazo hazijajibiwa. Kuna kijana aliyekatwa vidole na mashine kiwandani. Kuna mama anayemwinua na kumlaza mtoto wake mwenye ulemavu usiku na mchana, naye hajui kwamba iko ofisi inayopaswa kumsikia. Hawa wote wamesimama pale aliposimama mama wa Shunemu. Haki yao iko mahali fulani, wala hawajui pa kuanzia. Leo twataka kujifunza kwa mama huyu jinsi ya kuitafuta haki, na jinsi ya kumtambua msaidizi wa kweli.

Jambo la kwanza: mama huyu hakuona haya kuomba.

Rudini nyuma kidogo mpaka sura ya 4. Hapo Elisha alitaka kujua kama mama angependa aombewe neno kwa mfalme. Mama akajibu kwamba yeye anakaa katikati ya watu wake mwenyewe. Maana yake, hakuhitaji kitu. Siku zile alikuwa na mume, alikuwa na shamba, alikuwa na nguvu. Katika sura ya 8 mume hatajwi tena. Miaka imepita, njaa imepita juu yake, na yule ambaye hakuhitaji kuombewa kwa mfalme sasa amesimama mlangoni pa mfalme. Ndivyo yalivyo maisha yetu. Aliyekuwa akibeba gunia peke yake leo anashikwa mkono kuvuka barabara.

Wako Wakristo wanaoona kwamba kwenda ofisini kudai malipo ni kukosa imani. Wengine huona aibu, husema, "Tusije tukaonekana ombaomba." Lakini mtume Paulo, alipoona haki yake inapotoshwa, alikata rufani kwa Kaisari, nasi twaisoma habari hiyo katika Matendo ya Mitume, sura ya 25. Hakuacha kumtumaini Mungu kwa kutumia haki ya raia. Tena fikirini: pensheni si sadaka. Ni ujira wa kazi iliyokwisha kufanywa. Fedha zilizoko NSSF, yaani Hazina ya Kitaifa ya Hifadhi ya Jamii iliyoanzishwa mwaka 1965, zilikatwa katika mshahara wa mfanyakazi mwenyewe, na mwajiri akaongeza fungu lake. Na kwa wale wasioweza kujitegemea, Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, yaagiza kwamba serikali iwape msaada wa hifadhi ya jamii. Anayekwenda kuuliza haki hiyo aende kichwa chake kikiwa juu, na ulimi wake ukiwa na adabu.

Jambo la pili: mama huyu alikwenda kwenye mlango unaohusika.

Hakwenda kulia sokoni. Alikwenda kwa yule aliyekuwa na uwezo wa kurudisha shamba. Wazee wetu wengi hupoteza miezi na nauli kwa kubisha mlango usio wao. Basi tuitaje milango hiyo polepole. Mwenye kalamu na aandike.

Uliyekuwa mtumishi wa serikali au mwalimu wa serikali, anza na ofisi ya mwajiri wako wa mwisho. Wao ndio watayarishao karatasi zako na kuzipeleka kwa Idara ya Pensheni iliyo chini ya Hazina ya Kitaifa. Kama karatasi hazijatoka kwa mwajiri, kwenda Nairobi kila mwezi hakutasaidia. Kwa kawaida watumishi wa serikali hustaafu wakiwa na miaka 60 tangu mwaka 2009, na wenye ulemavu wakiwa na 65. Msingoje siku ya mwisho ndipo mtafute barua ya kuajiriwa. Anzeni mapema, nguvu zikingalipo.

Uliyefanya kazi katika kampuni, shamba au nyumba ya mtu, mlango wako ni NSSF. Mwanachama aliyefika miaka 60 aweza kudai, na aliyeacha kazi baada ya kutimiza miaka 50 aweza pia. Aliyeharibika mwili hata daktari akathibitisha kwamba hataweza kufanya kazi tena, naye ana fungu lake bila kungoja uzee. Mwanachama akifa, wanaomtegemea waweza kudai. Lakini tuwe wakweli: fedha hizo kwa wengi ni kidogo. Kabla ya Februari 2023, kwa miaka mingi, mfanyakazi alikatwa si zaidi ya KSh 200 kwa mwezi, na mwajiri akaongeza kama hizo. Zaidi ya hayo, wako waajiri waliokata mishahara ya watu lakini hawakuzipeleka fedha. Yakobo, katika sura ya 5 ya waraka wake, asema kwamba ujira uliozuiliwa hupiga kelele, na kelele hizo humfikia Bwana. Kwa hiyo wewe unayefanya kazi hata leo, tunza vipande vya mshahara, na uombe hesabu yako sasa. Usingoje mvi.

Uliyeumia kazini, wewe usikawie. Sheria ya mafao ya majeraha kazini ya mwaka 2007 yatoa miezi 12 tangu siku ya ajali kuwasilisha madai. Mwarifu mwajiri mara moja, na umwone afisa wa usalama na afya kazini wa serikali aliye katika eneo lenu. Wengi hunyamaza kwa kuahidiwa kazi nyepesi, na mwaka ukiisha, ahadi nayo yaisha.

Aliyetimiza miaka 70 na hana pensheni, mlango wake ni mpango wa Inua Jamii. Humo mna KSh 2,000 kwa mwezi, na wakati mwingine hulipwa kwa miezi kadhaa pamoja. Wa kuulizwa ni afisa wa ustawi wa jamii, au chifu na naibu wake, wapate kukujulisha lini watu wanaandikishwa.

Na mwenye ulemavu ajiandikishe kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, baada ya kupimwa katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa. Hapa wengi huchanganyikiwa. Kadi ya Baraza haileti fedha za kila mwezi. Yafungua njia nyingine, kama kuomba vifaa vya kutembelea, na mwenye kuajiriwa kuomba msamaha wa kodi. Fedha za kila mwezi kwa wenye ulemavu mkubwa, wasioweza kukaa bila mtu wa kuwahudumia, ziko chini ya Inua Jamii, nazo huombwa kwa njia yake. Mtu aweza kuwa na kadi miaka mitano akingoja kitu ambacho hakukiomba.

Kama hujui hata mlango wako ni upi, nenda kwenye kituo cha Huduma kilicho karibu nawe, ukaulize. Wahenga walisema, kuuliza si ujinga.

Jambo la tatu ndilo kiini cha mazungumzo yetu: msaidizi wa kweli ni nani?

Mtazameni Gehazi. Twamkuta katika sura ya 8 akimsaidia mama wa Shunemu, lakini twamkuta pia katika sura ya 5, na huko ni mtu mwingine kabisa. Katika sura ya 5 Naamani ameponywa ukoma, naye Elisha amekataa kupokea hata zawadi moja, kwa kuwa neema ya Mungu haiuzwi. Gehazi akaona faida inaondoka. Akakimbia nyuma ya gari la Naamani, akatunga uongo, akatumia jina la bwana wake, akarudi na talanta mbili za fedha na mavazi. Alilipisha kitu kilichotolewa bure.

Wasikilizaji wapendwa, Gehazi wa sura ya 5 angali yuko. Amesimama nje ya ofisi na kalamu mfukoni. Ajua jina la kila mkubwa aliye ndani, au asema anawajua. Hukwambia faili yako imepotea, ila yuko mtu wa kuipata. Hukwambia mkono mtupu haulambwi. Huomba kitambulisho chako "akakifanyie kazi", huomba namba ya siri ya simu au ya benki, hukupa karatasi tupu utie sahihi. Wakati mwingine si mgeni. Ni mpwa, ni jirani, hata ni mtu mnayeimba naye kwaya. Bwana Yesu aliwataja watu wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu. Neno hilo lamfaa yeye.

Basi mshikeni hili: kujiandikisha kwa Inua Jamii hakulipiwi, na fomu ya madai ya NSSF hainunuliwi. Anayekuuzia hicho anakuuzia kilicho chako. Tena yule mtoa hongo naye, kwa sheria ya nchi yetu na kwa sheria ya Mungu, amekosa pamoja na mpokeaji.

Sasa mtazameni Gehazi wa sura ya 8. Amefanya nini? Amesema kweli aliyoijua kwa macho yake. Hakumwongezea mama umaskini, hakumtungia habari. Tena alipokwisha kumjulisha, alinyamaza, na mfalme akamwuliza mama mwenyewe. Wala hatusomi kwamba alidai hata gunia moja la yale mazao. Huyo ndiye msaidizi wa kweli, na alama zake ni hizi: anakujua, anasema kweli, anakwenda nawe badala ya kwenda bila wewe, anakuacha useme mwenyewe, na akiondoka, kitambulisho chako kiko mfukoni mwako.

Na msaidizi wa kweli hatakusaidia kudanganya. Wako wanaoongeza umri wa mzee ili afike 70. Wako wanaojifanya walemavu mbele ya daktari. Wako wanaoficha kifo cha baba ili fedha zake ziendelee kuja. Huo ni wizi, na anayeibiwa ni mzee mwingine anayengoja zamu yake.

Jambo la nne: haki ya mama ilikabidhiwa kwa mtu.

Mfalme hakusema tu maneno mazuri. Alimtolea afisa mmoja. Mnapokwenda ofisini, ulizeni kwa upole ni nani anayeshika jambo lenu, mwandike jina lake na tarehe. Msitoe karatasi ya asili kama nakala yatosha. Ombeni barua yenu ipigwe muhuri wa kupokelewa, mbaki na nakala yake. Tazameni majina: kama kitambulisho chasema hivi na kadi ya kazi yasema vile, hata kwa herufi moja, tengenezeni jambo hilo kwanza, pengine kwa hati ya kiapo, maana herufi moja imewahi kuzuia jasho la miaka mingi. Tena yule mama alirudishiwa na mazao ya miaka iliyopita. Malipo yakichelewa, ulizeni pia kuhusu malimbikizo.

Na mkiambiwa "njoo kesho" mpaka kesho zimekwisha, msikate tamaa wala msitukane. Iko Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huiita ofisi ya Ombudsman, iliyowekwa mwaka 2011 isikilize malalamiko ya watu waliozungushwa na ofisi za umma, nayo haitozi ada. Iko pia Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Sheria, chini ya sheria ya mwaka 2016, kwa wasioweza kumlipa wakili. Mjane katika Luka sura ya 18 alikuwa na hakimu asiyemcha Mungu wala kujali watu, na bado alirudi tena na tena mpaka akapata haki yake.

Sasa twataka kusema neno na makanisa yetu.

Katika Yohana sura ya 5 twasoma habari za mtu aliyekuwa hawezi kwa miaka 38, amelala kando ya birika la Bethzatha. Bwana Yesu alipomwuliza kama ataka kuwa mzima, malalamiko yake yalikuwa haya: hana mtu. Maji yalikuwapo, lakini wa kumtia majini hakuwapo. Je, katika ushirika wako kuna mtu anayeweza kusema maneno hayo? Maji ya nchi hii yapo, machache kweli, lakini yapo. Anayekosekana ni mtu wa kusindikiza.

Kazi hii haihitaji wakili. Yahitaji mwalimu mstaafu mmoja mwenye miwani mizuri akae baada ya ibada awasomee wazee barua zao. Yahitaji kijana mmoja wa kumpeleka mzee kwenye kituo cha Huduma na kumrudisha, bila kugusa fedha zake. Yahitaji Umoja wa Akina Mama wamwulize yule mama aliyejifungia na mtoto mwenye ulemavu, si kwa udaku, bali kwa upendo, kama mtoto amewahi kupimwa na kuandikishwa. Yahitaji mchungaji awe tayari kuthibitisha jina na ndoa ya mtu anayemjua. Na waende wawili wawili, ili jina lao jema lisichafuliwe na fedha za mtu zisipotee njiani.

Tena wako ambao hawatapata kitu. Mwingine hakuandikishwa kazini hata siku moja. Mwingine ana miaka 66, na miaka 70 iko mbali kwa mtu mwenye njaa. Msimdanganye kwamba mtampigania mpaka apate. Mwambieni kweli, kisha mletee unga. Kanisa haliwezi kumtuma mtu kwa serikali na kufunga jikoni lake.

Nawe mzee wetu, mama yetu, unayetusikiliza na bahasha yako iko pale chini ya godoro, twataka kumaliza na wewe. Ukumbuke jambo moja juu ya yule mama wa Shunemu. Aliposimama mbele ya mfalme, shamba lilikuwa bado mikononi mwa watu wengine. Lakini mwanawe alikuwa amesimama kando yake, mzima. Mungu aliyemrudishia mtoto kutoka katika mauti alikuwa amekwisha kumpa lililo kubwa kabla mfalme hajamrudishia lililo dogo. Wewe nawe, ukiwa wa Kristo, huendi ofisini kama mtu asiye na kitu. Una Mwana aliyefufuka, anakwenda pamoja nawe. Wakikulipa, mshukuru. Wakikuchelewesha, thamani yako haikupungua hata senti. Lakini itoe bahasha ile. Mwite mtu mmoja mwaminifu, mwisome pamoja juma hili, karatasi baada ya karatasi.

Na tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, wewe ndiwe mtetezi wa wajane na tumaini la wazee. Wakumbuke waliochoka kungoja. Wape maafisa wa serikali moyo wa haki, wapate kuona mtu nyuma ya kila faili. Wageuze wale wanaokula jasho la wengine, uwape toba. Utupe sisi watu wako miguu ya kusindikiza, macho ya kusoma na midomo ya kusema kweli. Na wale walio wagonjwa na walemavu, uwe karibu nao usiku wa leo. Twaomba haya katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Mpaka tutakapokutana tena, Mungu awalinde nyote.